Akiba ya maji ya dharura: kwa nini tanki peke yake halitoshi

Ukimuuliza mwenye nyumba wa Uyole, Kihesa au Mafinga, huku kwetu Nyanda za Juu Kusini, amejipangaje maji yakikatika, mara nyingi atakuonyesha tanki. Lipo nyuma ya nyumba juu ya mnara, jeusi, la lita 1,000 au 2,000, na amelipata kwa kujibana. Hakukosea kulinunua. Ila maji ya kunywa na maji ya chooni yanatoka kwenye tanki hilohilo, na siku maji ya mtaani yanapokata, familia inaendelea kuoga, kufua na kuvuta choo kama kawaida mpaka mtu afungue koki ya jikoni asubuhi na kusikia upepo. Hapo ndipo watoto wanakabidhiwa madumu na shule inasubiri.

Makala haya yanaeleza namna ya kupanga akiba ya maji ili nyumba isifike huko. Msingi wake ni mmoja: kabla ya kuuliza uhifadhi lita ngapi, jua maji gani ni ya kinywa na maji gani ni ya kazi, kisha yatenge mapema. Ukishayatenga, hesabu inakuwa ndogo kuliko watu wanavyoiogopa, na hata mpangaji wa chumba kimoja asiye na mahali pa kuweka tanki anaweza kujipanga vizuri.

Maji hukosekana kwa njia tatu

Mikoa yetu inasifika kwa maji, na sifa hiyo ni ya kweli. Tukuyu hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, mito inashuka kutoka milima ya Uporoto na Livingstone, na ukipita barabara ya kwenda Njombe unaona kijani hadi macho yanachoka. Ndiyo maana wengi hatujiandai. Lakini mvua zetu ni za msimu mmoja. Huanza Novemba, wakati mwingine Desemba, na huisha Aprili au Mei. Baada ya hapo sehemu kubwa ya nyanda hizi hukaa miezi mitano au zaidi bila mvua ya maana. Iringa mjini, ambako mvua ya mwaka mzima ni kama milimita 600 hadi 700, hali ni kavu zaidi kuliko mgeni anavyodhani anapoona ukungu wa Julai.

Basi njia ya kwanza ya kukosa maji ni hiyo ya kiangazi. Chemchemi zinapungua nguvu, Septemba na Oktoba mgao unabana, na maji yaliyokuwa yakitoka kila siku yanatoka mara mbili kwa wiki, usiku wa manane. Hii si ajali. Inakuja kila mwaka kwa tarehe zinazojulikana, kwa hiyo ndiyo rahisi kuliko zote kuipangia.

Ya pili ni kukatika kwa ghafla, saa chache au siku mbili tatu. Hapa miji yetu inatofautiana. Iringa mjini iko juu ya mwinuko, na Mto Ruaha Mdogo unapita chini, upande wa Ipogolo. Maji ya mto yanasafishwa Ndiuka kisha yanasukumwa kwa pampu kupanda mjini. Umeme ukikatika, pampu zinasimama, na nyumba za maeneo ya juu ndizo zinazoanza kukauka. Mbeya, vyanzo vingi ni chemchemi na vijito vya milimani kama Ivumwe na Sisimba, ambavyo maji yake hushuka kwa mserereko. Huko umeme hauna usumbufu mkubwa kama wa Iringa, ila bomba kuu likipasuka au banio la maji likijaa tope, mitaa inakauka vilevile. Ukijua maji yako yanakuja kwa pampu au kwa mserereko, unajua uwe na wasiwasi lini: radi ikipiga na umeme ukakatika, wa Iringa ajaze ndoo mara moja kabla maji yaliyobaki kwenye mabomba hayajaisha.

Ya tatu ndiyo inayonitia hofu zaidi, na ndiyo tusiyoijadili. Ni kifuku, yaani msimu wa mvua, maji yanapokuwa tele kila mahali na hayafai kunywewa. Mito inageuka rangi ya udongo, mitambo ya kusafisha inazidiwa na tope, vyoo vya shimo vinafurika na visima vifupi vilivyo jirani navyo vinachafuka. Kipindupindu kilichoanza Dar es Salaam Agosti 2015 kilisambaa karibu nchi nzima, mikoa yetu ikiwemo, na kiliendelea kusumbua kwa miaka kadhaa. Kuna jambo jingine pia. Aprili 2024, tope kutoka Mlima Kawetere lilifunika nyumba za watu kata ya Itezi, jijini Mbeya. Siku kama hiyo familia inaondoka na ilichoweza kubeba mkononi. Tanki la lita 2,000 linabaki chini ya tope. Kwa hiyo sehemu ya akiba ya kila nyumba, hasa iliyo kwenye mteremko au karibu na korongo, lazima iwe kwenye dumu ambalo mtu mmoja anaweza kulinyanyua.

Hesabu yenyewe

Viwango vinavyotumiwa kimataifa katika misaada ya dharura vinasema mtu mmoja anahitaji angalau lita 15 kwa siku kwa mahitaji yake yote ya msingi. Ndani ya hizo, za kunywa ni lita mbili na nusu hadi tatu, na za kupikia ni kama kiasi hichohicho au zaidi. Kwa nyumba zetu napenda kuhesabu lita 6 za kinywa kwa mtu kwa siku: kunywa, kupika, kupiga mswaki, kunawa kabla ya kula. Lita 9 zinazobaki ni za kazi, yaani kujifuta mwili, vyombo, nguo chache na choo.

Chukua kaya ya watu sita. Maji ya kinywa ni lita 36 kwa siku, pungufu kidogo ya madumu mawili ya lita 20. Siku tatu ni lita 108, madumu sita yanatosha na chenji inabaki. Wiki nzima ni lita 252, madumu kumi na tatu. Hiyo ndiyo sehemu ambayo ikikosekana watu wanaugua, na inaenea kwenye kona moja ya chumba. Ukijumlisha na maji ya kazi, kaya hiyo inahitaji lita 90 kwa siku, kama 630 kwa wiki. Tanki la lita 1,000 likisimamiwa vizuri linavusha wiki na nusu.

Likisimamiwa vizuri. Choo cha kuvuta hutumia lita 6 hadi 9 kila kinapovutwa. Watu sita wakikivuta mara nne nne kwa siku, hapo umetumia lita 144 na zaidi, na bado hakuna aliyekunywa hata kikombe. Ndiyo sababu matanki hukauka siku ya tano na wenyewe wanashangaa. Maji yakikatika, jambo la kwanza ni kufunga koki ya tenki la choo na kuweka pembeni ndoo ya maji yaliyokwisha kutumika kufulia na kuoshea vyombo. Kopo la lita mbili au tatu likimwagwa kwa nguvu linatosha kusafisha choo. Ukifanya hilo tu umeokoa zaidi ya nusu ya maji ambayo ungeyapoteza, na hukutoa hata senti.

Mifugo inasahauliwa karibu katika kila hesabu niliyowahi kuiona. Ng'ombe wa maziwa, na huku Rungwe na Njombe ni wengi, anaweza kunywa lita 50 na zaidi kwa siku. Ng'ombe mmoja, basi, anakunywa kuliko kaya nzima ya watu sita inavyokunywa na kupika. Asipopata ya kutosha, maziwa yanapungua siku hiyohiyo, na kwa kaya nyingi maziwa ndiyo ada ya shule. Mwenye ng'ombe apange chanzo cha ng'ombe peke yake: bwawa, kijito, au maji ya paa yasiyotibiwa. Asimchotee kwenye madumu ya kinywa, wala asikubali kufikia mahali pa kuchagua kati ya ng'ombe na mtoto.

Ongeza kidogo pia kwa mama anayenyonyesha, kwa mgonjwa wa kitandani ambaye shuka zake zinafuliwa kila siku, na kwa mzee anayetumia dawa zinazomfanya akojoe sana. Hawa hawawezi kubanwa kwenye kipimo cha wastani.

Paa ni chanzo chako cha kwanza

Mvua ya milimita moja ikinyesha juu ya mita moja ya mraba inaleta lita moja. Kanuni ni hiyo tu. Nyumba yenye mita 10 kwa 8, ukipima ardhi iliyofunikwa na paa na si mteremko wa bati, ina mita za mraba 80. Toa moja ya tano kwa maji yanayoruka, kuvuja na kukauka. Mvua moja nzuri ya milimita 20 inakupa lita 1,280. Kwa mwaka wa mvua ya milimita 600, kama Iringa, paa hilo linatoa zaidi ya lita 38,000. Tukuyu ni zaidi ya lita 120,000. Bati tunalo tayari. Tunachokosa ni gata, na mahali pa kuyaweka maji.

Sasa rudi kwenye lita 36 za kinywa kwa siku. Kuanzia mwanzo wa Juni hadi mwisho wa Oktoba ni siku 153. Zizidishe: unapata lita 5,500 hivi. Tanki moja la lita 5,000 na mapipa matatu, vikiwa vimejaa Mei, vinaweza kumnywesha na kumpikia kila mtu wa kaya ya watu sita kiangazi chote bila tone la mvua. Watu wengi wakiona hesabu hii hawaamini, kwa sababu wamezoea kulipima tanki kwa matumizi ya kila kitu. Siwaambii wote wakanunue la lita 5,000. Bei yake si mchezo. Ninachosema ni kwamba maji ya mvua yakitengwa kwa kinywa peke yake, tanki lisilokuwa kubwa sana linafika mbali.

Tarehe ndiyo inayoponza. Kifuku kikiwa katikati, tumia maji ya tanki bila woga, kwa kuwa mvua ya kesho kutwa itarudisha. Lakini ifikapo katikati ya Aprili, acha. Mvua za mwisho ndizo zinazojaza akiba ya kiangazi, na huwezi kujua ipi ni ya mwisho mpaka imeshapita. Aliyeendelea kufulia maji ya tanki hadi Mei anaingia Juni na nusu tanki.

Kwenye usafi wa paa nitakaa kidogo, maana hapo ndipo mafundi wetu wengi wanapokosea. Miezi ya kiangazi bati linakusanya vumbi, kinyesi cha ndege, majani, na majivu ya mioto ya mashamba na misitu ya Agosti hadi Oktoba. Mvua ya kwanza ya Novemba inaosha vyote hivyo na kuvipeleka moja kwa moja kwenye tanki. Fundi makini anaweka bomba la kusimama la kupokea maji machafu ya mwanzo kabla ya mengine kuendelea. Tatizo ni urefu wake. Bomba la inchi 4 lenye urefu wa mita moja linabeba lita kama 8 tu. Paa la mita za mraba 80 linahitaji kumwaga angalau lita 40, yaani nusu milimita ya kwanza ya mvua, na likiwa chafu sana ni mara mbili ya hapo. Hicho kibomba kifupi unachokiona kwenye nyumba nyingi ni pambo. Afadhali kuunganisha tii, kiungo cha bomba cha njia tatu, inayopeleka maji ya mwanzo kwenye pipa la lita 100 au 200 lenye kizibo chini. Likijaa, maji yanapita yenyewe kwenda kwenye tanki, na mvua ikiisha unalifungulia pipa kwa bustani au kwa choo. Kama hata hilo halipo, acha kipande cha bomba kinachoingia kwenye tanki kiwe cha kuchomoka, na mvua mbili tatu za kwanza za msimu zimwagike zote. Inauma kuona maji yanamwagika baada ya ukame wa miezi, ila yamwagike.

Mdomo wa tanki uwe na wavu wa kuzuia mbu na majani, na mfuniko ufungike. Paa la nyasi lisitumike kwa maji ya kunywa.

Maji yanayorudi usiku

Hapa kuna jambo linaloharibu matanki mengi bila mwenye nyumba kujua. Maji ya mtaa yakikatika, mabomba ya chini ya ardhi yanabaki matupu, na kila penye ufa yanaweza kunyonya maji machafu na udongo wa nje. Maji yanaporudi, yale ya mwanzo yanasukuma uchafu huo wote mbele. Kama tanki lako linajazwa kwa floti, lile boya linalofungua na kufunga maji lenyewe, na mengi ndivyo yalivyo, floti iko wazi kwa sababu tanki limepungua, na maji hayo ya kahawia yanaingia saa nane usiku ukiwa umelala. Asubuhi unakuta tanki limejaa, unafurahi.

Dawa yake ni koki ya kawaida kwenye bomba linaloingia tankini. Maji yakikatika, ifunge. Yakirudi, fungua kwanza bomba la nje la uani, acha yatiririke kwenye ndoo mpaka yawe maangavu, hizo ndoo za mwanzo zipeleke chooni au bustanini, kisha ndipo ufungulie tanki. Ukiwa na mgao wa usiku itakubidi mtu aamke. Ni usumbufu, sikatai, lakini kusugua tanki lililojaa matope chini ni usumbufu zaidi, na kuuguza mtoto anayeharisha unazidi yote.

Tanki lenyewe lisafishwe mara moja kwa mwaka, na wakati mzuri ni Oktoba, maji yakiwa kidogo na mvua hazijaanza. Na kwa walioweka tanki juu: lita 1,000 ni tani moja. Mnara wa mbao za kuungaunga hauwezi kubeba tani moja iliyolowana kwa miaka mitano, na watoto hupenda kucheza kwenye kivuli chake. Simamisha kwenye nguzo za zege au za chuma, au kama huna uwezo huo, liweke chini juu ya msingi imara na uchote kwa bomba la chini. Presha itapungua, basi.

Madumu ya kinywa ni afadhali yakae mbali na mfumo wa tanki kabisa. Nimeona mafundi wanaotoboa tundu la bomba la nyumba juu zaidi ili theluthi ya chini ibaki kuwa akiba. Wazo si baya, ila mashapo nayo hukaa chini, na akiba ya kinywa inakuwa ndiyo chafu kuliko zote. Dumu lenye mdomo mwembamba na kizibo, lililosafishwa, lililojazwa maji yaliyotibiwa na kuandikwa tarehe, linakaa vizuri mahali penye giza na ubaridi. Yatumie kwa zamu: la zamani linaanza, jipya linakaa nyuma, yasikae zaidi ya miezi sita. Na hili nalisisitiza kwa wakulima wa viazi, nyanya na chai: dumu lililowahi kubeba dawa ya shambani halifai kwa maji ya kunywa, hata ukilifua kwa sabuni mara kumi. Plastiki hunyonya sumu na kuitoa polepole. Vivyo hivyo madumu ya petroli na dizeli. Yatoboe ili asije mtu mwingine akayatumia.

Kuyafanya yanyweke

Anza na tope. Maji ya mto au ya kisima wakati wa kifuku yaache yatulie kwenye ndoo usiku kucha, uyamimine polepole bila kutibua mashapo, ukiyachuja kwa kitambaa safi cha pamba kilichokunjwa mara nne. Hatua hii haiui vijidudu, lakini ukiiruka, dawa haitafanya kazi: klorini inaishia kwenye udongo, na vijidudu vinajificha ndani ya chembe za tope.

Kuchemsha ni njia ya uhakika. Wapo wanaosema huku juu maji hayachemki sawasawa, na wana sababu ya kuuliza, maana maharage ya Makete yanachukua muda kuiva kuliko ya Kyela. Kadiri unavyopanda, maji yanachemka kwenye joto dogo zaidi. Mbeya, kwenye mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, yanachemka kwenye nyuzi joto kama 94. Lakini bakteria, virusi na vimelea vinavyotuharisha hufa kabla hata ya joto hilo. Kwa hiyo Mbeya na Iringa mjini, maji yakitokota kwa nguvu yaache dakika moja. Ukiwa juu ya mita 2,000, kama sehemu nyingi za Makete na vijiji vya Kitulo, yape dakika tatu. Kuyachemsha nusu saa ni kuunguza mkaa bure. Na mkaa wenyewe, au gesi, ni sehemu ya mpango: mwenye akiba ya maji ya mto na hana kuni kavu kifuku, hana maji ya kunywa.

Vidonge vya klorini kama WaterGuard ni vyepesi, havikai nafasi, na paketi moja kwenye kabati ni bima nzuri. Soma paketi, kwa kuwa vidonge vinatofautiana nguvu: vipo vya lita chache na vipo vya lita 20. Ukikosa vidonge, dawa ya kung'arishia nguo isiyo na manukato wala sabuni, mfano Jik ya kawaida, inafaa. Angalia asilimia kwenye lebo. Ikiwa ni karibu asilimia 3.5, nusu kijiko cha chai, yaani mililita 2.5, inatosha dumu la lita 20 la maji maangavu. Yakiwa bado na ukungu baada ya kuchuja, weka kijiko kizima. Vijiko vya nyumbani havilingani, kwa hiyo nunua bomba la sindano la mililita 5, lisilo na sindano, duka la dawa, ulifunge kwa mpira kwenye chupa ya dawa hiyo. Koroga, funika, subiri nusu saa. Asubuhi za Juni na Julai, maji yakiwa ya baridi ya kuuma mkono, subiri saa nzima, maana klorini hufanya kazi polepole kwenye baridi. Baada ya hapo nusa: harufu hafifu ya dawa inapaswa kuwepo. Kama haipo kabisa, rudia kipimo kilekile na usubiri robo saa nyingine. Dawa iliyofunguliwa muda mrefu hupoteza nguvu, hivyo badilisha kila mwaka hata kama haijaisha.

Kiangazi chetu kina jua la bure. Chupa angavu za plastiki za lita moja hadi mbili, zikijazwa maji yasiyo na tope na kulazwa juu ya bati tangu asubuhi, baada ya saa sita za jua maji yake yanafaa. Kukiwa na mawingu, siku mbili mfululizo. Kwa kaya ya watu sita si njia ya kutegemea peke yake, ila mwanafunzi anayepanga peke yake inamtosha.

Hakuna hata moja kati ya njia hizi inayoondoa sumu ya shambani au mafuta. Maji yenye harufu ya dawa au utando wa mafuta juu yake yaache, tafuta chanzo kingine.

Maji yakishakuwa salama, yanachafuliwa tena na kikombe. Mtoto ametoka kucheza, anazamisha kikombe na vidole, na kazi yote imepotea. Ndoo yenye mfuniko na koki chini inalimaliza jambo hili, na ningeinunua kabla ya kitu kingine chochote kilichotajwa hapa.

Jirani, mwenye nyumba na pesa

Kwa desturi zetu huwezi kumnyima mtu maji ya kunywa, na sioni sababu ya kuanza. Kwa hiyo usihesabu kana kwamba ukuta wa nyumba yako ndio mwisho wa mahitaji. Kaa na majirani wa mtaa kabla ya Juni, mjue nani ana kisima, nani ana pikapu ya kubeba madumu, nani ana mgonjwa. Kwenye nyumba ya kupanga yenye mita moja ya maji na familia nne, kubalianeni mapema kwamba maji yakikatika, tanki la pamoja ni la kupikia na kunywa, na kila familia ina zamu yake. Makubaliano yanayofanyika tanki likiwa limebaki robo huwa ni ugomvi.

Jua pia chanzo chako cha pili na cha tatu kabla hujavihitaji: chemchemi iliyojengewa, kisima cha pampu ya mkono, kioski cha mtaa wa pili. Vijijini, viongozi wa chombo cha watumia maji kilicho chini ya RUWASA, wakala wa serikali wa maji vijijini, ndio wanaojua bomba litarekebishwa lini, kwa hiyo namba yao iwe kwenye simu ya zaidi ya mtu mmoja nyumbani. Ukinunua maji ya boza, uliza yamechotwa wapi, na yatibu hata jibu likikuridhisha.

Kama pesa ni kidogo, huu ndio mpangilio ningeufuata. Ndoo ya koki, paketi ya vidonge na madumu sita mapya au yaliyobeba mafuta ya kula vinakuja kwanza; vinaweza kununuliwa kimoja kimoja kwa miezi miwili mitatu. Kisha pipa la lita 200 chini ya upande mmoja wa paa, na kipande cha gata cha mita tatu nne. Koki ya kufungia bomba la tanki, kwa aliye na tanki tayari, ni pesa ndogo na ifungwe wiki hii. Tanki kubwa na gata za kuzunguka nyumba nzima ni vya mwisho, na fundi wake atafutwe Septemba akiwa na nafasi, kwa sababu mvua ya kwanza ikishapiga kila mtu anamtaka siku hiyohiyo na bei inapanda.